Sura ya Sita: Korongo Lenye Wenyewe

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaufahamu Uluguru kwa dirisha la basi. Mkishapita Mikese mlima unajitokeza mkono wa kushoto, kilele kimo mawinguni, abiria anautazama kidogo halafu anarudi kwenye simu yake. Msamvu ananunua maji na karanga, basi linashika njia ya Dodoma au ya Iringa, na habari ya mlima imeishia hapo.

Kosa si la abiria. Barabara kuu haiingii mlimani. Inaupita kwa kaskazini na kuendelea na shughuli zake. Anayetaka kuuona Uluguru hana budi kuuingia kwa njia mbili: ya mashariki, inayotokea Bigwa kwenda Kiroka, Mkuyuni na Matombo hadi Kisaki, na ya magharibi, inayochepuka Sangasanga kwenda Mlali na Mgeta. Kati ya njia hizo umesimama ukuta wa mawe na msitu ambao kilele chake kirefu, Kimhandu, kinazidi mita 2,600. Ukimaliza upande mmoja unarudi mjini, unalala, ndipo unaanza wa pili. Nakushauri ufanye zote mbili, maana pande hizo hazifanani hata kidogo.

Safari ninayoisimulia ilitokana na mabishano ya watoto. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anaishi Phoenix, Arizona, na alikuja likizo na wanawe wawili wa kiume waliozaliwa huko. Walikwisha kupelekwa na baba yao, kwa gari, hadi Grand Canyon, Zion na Monument Valley, na picha wanazo. Wanangu, ambao safari yao ndefu kuliko zote ilikuwa ya Tanga, walioneshwa picha hizo mezani na kuambiwa kwamba Tanzania hakuna makorongo. Mke wangu, mzaliwa wa Matombo, hakupendezwa. "Nitawapeleka kwa Bibi yenu," akasema, "halafu mtaniambia."

Tuwape haki yao. Korongo lile la Mto Colorado lina urefu wa kilomita 446, na mahali pengine kina chake kinapita kilomita moja na nusu. Shemeji alilieleza vizuri: kule, alisema, ardhi imevuliwa nguo. Unaona tabaka juu ya tabaka, jekundu, jeupe, la kijivu, na mawe ya chini kabisa yana umri wa zaidi ya miaka bilioni moja na nusu. Mtu anasimama ukingoni, anatazama, anapiga picha, anarudi garini. Uluguru haukubali kutazamwa hivyo. Mawe yake nayo ni ya kale. Yalipikwa kwa joto na mgandamizo ndani kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, yakainuliwa baadaye sana ardhi ilipopasuka, na tangu hapo maji hayajaacha kuyachonga. Kuna mabonde ambayo mtu wa ng'ambo hii anaweza kumsalimu kwa sauti mtu wa ng'ambo ile, lakini akitaka kumpa mkono inamchukua asubuhi nzima. Ila yote hayo yamefunikwa: msitu juu, migomba katikati, nyumba za watu kila penye nafasi ya kuweka msingi. Hapa korongo lina wenyewe, na njia yako inapita uani kwao.

Tuliondoka Dar saa kumi alfajiri kwa Noah. Vijana walitaka treni. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakufikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, nasi barabarani tulichukua zaidi ya mara mbili ya hapo. Lakini treni haikupeleki Matombo. Shemeji aliomba kuendesha, na kwa mazoea ya barabara nyoofu za jangwani akasahau kwamba kila kijiji cha hapa kina mwendo wake wa hamsini na askari wake mwenye tochi. Kabla ya Mlandizi dada yake alikuwa amemnyang'anya usukani.

Kwenye daraja la Ruvu mke wangu alipunguza mwendo akawaonesha watoto maji mekundu ya tope. "Hayo ndiyo mnayoogea nyumbani." Ni kweli: sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka mto huu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mto wenyewe unazaliwa kwenye misitu ya Uluguru. Kuanzia hapo watoto walipata kazi ya kufanya, kuufuata mto hadi kwao, na maswali ya "bado mbali?" yakapungua.

Morogoro wenyewe wanauita "mji kasoro bahari", na mtu akifika jioni, mlima umeegemea mji kiasi kwamba jua la upande wa Bigwa linachelewa na la upande wa pili linawahi, haoni sababu ya kubisha. Garini shemeji alikuwa ameweka nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyeanzia umaarufu wake na Morogoro Jazz. Niliwaambia watoto kwamba alikufa Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, akiwa na miaka 34. Mpinzani wake wa awali hapa mjini, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye alikwenda kwa ajali ya gari, mwaka 1965. Na Edward Sokoine, Waziri Mkuu, alifia karibu na Dakawa tarehe 12 Aprili 1984 akirudi kutoka Dodoma kwa gari. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka huohuo kikapewa jina lake. Ndiyo maana katika barabara hizi sipendi kuharakishwa, na mke wangu ananielewa.

Ukiwa na asubuhi moja tu ya kutumia mjini, panda Morningside, kwenye jengo la enzi za Wajerumani lililokaa begani mwa mlima. Gari halihitajiki, miguu inatosha, mradi uanze mapema. Wana wa Arizona walipanda na viatu vya mlimani, vijiti na mifuko ya maji mgongoni. Wakapishana na akina mama wanaoteremka kwenda Soko la Chifu Kingalu, mikungu ya ndizi kichwani, mtoto mgongoni, kandambili miguuni, na kila mmoja aliwasalimia kwanza. Kaka mkubwa aliacha vijiti vyake kwa mwenye nyumba wa karibu akavichukua wakati wa kurudi. Anayetaka kuendelea hadi msituni, Lupanga au Bondwa, achukue kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) mjini, kwa kuwa huko juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, na wamo ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Sisi hatukuwa na miguu ya Lupanga. Ni mteremko wa kupandia kwa mikono.

Upande wa mashariki ndio unaopokea mvua. Upepo wa Bahari ya Hindi ukishavuka tambarare za Pwani, kizuizi chake cha kwanza kikubwa ni Uluguru, na hapo unamwaga mzigo. Mjini Morogoro mvua ya mwaka haifiki milimita 1,000 kwa kawaida. Kwenye miteremko ya mashariki inapita 2,000, na mahali pengine zaidi sana. Unauona mgawanyo huo kwa macho. Ukitoka Bigwa bado ni vichaka na mavumbi. Ukifika Mkuyuni mafenesi yananing'inia juu ya bati za nyumba, karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara, pilipili manga zimepanda juu ya miti, na magimbi yamejaa kila penye chemchemi. Njia ya kupandia Kinole, makao ya ukoo wa Kingalu uliotoa machifu wa Waluguru, tuliiacha kwa siku nyingine. Nimeijutia.

Si mbali na Matombo, karibu na Ruvu, kuna msitu mdogo wa Kimboza, kama kilomita nne za mraba tu, uliosimama juu ya mawe ya chokaa yenye mapango na ncha kali. Humo anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la bluu kali, bluu isiyoaminika. Anakaa kwenye majani ya mkadi. Uzuri wake ulimponza: wafugaji wa mijusi wa Ulaya na Marekani walimtaka, wawindaji wakawa wanakata mikadi mizima ili kumpata, hadi biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku kwenye mkutano wa nchi kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Johannesburg, mwaka 2016. Mtoto mdogo wa shemeji alisema amewahi kumwona mjusi wa namna hiyo dukani. Tulinyamaza kidogo. Huenda ni yeye, huenda siye, lakini alichosema kiliuleta msitu ule karibu kuliko maelezo yangu.

Kwa mama mkwe wangu mimi ni mgeni wa heshima, maana yake nakaa barazani na sijui kinachoendelea jikoni. Watoto hawana mpaka huo. Baada ya shikamoo na magimbi ya kuchemsha waliteremka mtoni, kwenye kijito kinachoshuka kwa ngazi za mawe hadi Ruvu, wakaoga na kuruka kutoka jabali hadi jabali. Jua lilikuwa kali, anga la kijijini halina hata wingu. Ghafla Bibi akasimama uani, akatazama juu mlimani ambako kulikuwa na weusi mdogo tu, akapiga kelele kwa Kiluguru ambazo hata wasiojua Kiluguru walizielewa. Watoto walitoka. Maji yalianza kubadilika rangi kwanza, yakaleta majani makavu, kisha yakaja kwa kishindo na kufunika jabali walilokuwa wamekalia.

Shemeji alikaa kimya muda mrefu kidogo. Halafu akatuambia habari za Antelope Canyon, mwanya mwembamba wa mawe mekundu katika ardhi ya Wanavajo, ambao aliwapeleka watoto wake kuutembelea. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa humo. Hawakunyeshewa, mvua ilikuwa imenyesha kilomita nyingi kutoka pale, mafuriko yakawakuta ndani ya mwanya. Siku hizi hakuna anayeingia bila kiongozi wa Kinavajo, na kiongozi anafuatilia hali ya hewa ya huko juu, si ya pale alipo. "Mama ndiye kiongozi wetu," akasema. Mama aliuliza kama magimbi yaliyobaki nani anayamaliza.

Jioni ile ndipo wazee waliokuja kumsalimu mtoto wao wa Marekani walipozungumzia ngazi. Ukitazama miteremko ya Matombo unaona mashamba yamelala juu ya mlima kama yalivyo, bila kukatwa. Waingereza hawakupenda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao kiini chake kilikuwa kuwalazimisha wananchi kukata matuta ya ngazi ili udongo usiteremke mtoni. Nia haikuwa mbaya. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, faini kwa asiyetokea, na katika udongo mwembamba wa huku kukata ngazi kulizika rutuba na kuacha juu udongo mfu. Mtu anavuja jasho msimu mzima, mahindi yanatoka manjano. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Serikali ikauacha mpango wenyewe, na TANU ikapata wanachama ambao haikuwahi kuwaota.

Kinachonifurahisha katika habari hii ni kilichofuata miaka hamsini baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 2000, katika bonde la Kibungo Juu, upande huuhuu wa mlima, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima walilipwa wakate matuta na kupanda miti. Fedha zilitoka kwa watumiaji wa maji wa Dar es Salaam, yaani DAWASCO, kampuni ya maji ya wakati ule, pamoja na Coca-Cola Kwanza. Ngazi ileile. Safari hii ilikuja na mbolea, mbegu na malipo, na aliyeikata aliamua mwenyewe aikate wapi. Malipo hayakuwa makubwa na mpango haukudumu kama wengine walivyotarajia, lakini angalau aliye bondeni alikiri kwamba anadaiwa na aliye mlimani.

Mtoto mkubwa wa shemeji, kijana wa miaka kumi na minne, alikuwa akisikiliza kwa tafsiri ya shangazi yake. Akauliza shamba hili ni la nani. La Bibi. Na baada ya Bibi? Hapo likaibuka jambo ambalo hakuna aliyekuwa amepanga kulizungumza. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo inafuata njia hiyo. Wanangu mimi, waliozaliwa Ilala na wasiojua kushika jembe, wana haki hapa kwa sababu mama yao ni binti wa Bibi. Yeye kijana, ambaye baba yake alizaliwa katika nyumba hii, hana. Baba yake atalima akiwa hai, kisha ardhi itarudi kwa watoto wa dada zake. "Basi niende kwa kina mama," akasema kijana. Mama yake ni Mchaga wa Kibosho. Na Wachaga, kama ujuavyo, wanahesabu kwa baba.

Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Kijana hakucheka. Mke wangu akamweleza kwamba siku hizi mambo yamelegea, wazazi wengi wa Kiluguru huwanunulia watoto wao ardhi au kuwagawia waliyoinunua wenyewe, na kwamba hakuna ambaye angemfukuza. Alikuwa akisema kweli, ila kijana alikuwa ameshaelewa tofauti ya kutofukuzwa na kuwa na haki. Ili kumliwaza, baba yake akamkumbusha kwamba hata Grand Canyon ina wenyewe. Wahavasupai, wanaoishi ndani ya tawi la korongo hilo katika kijiji cha Supai, walibanwa kwenye kipande kidogo cha ardhi yao, na hifadhi ya taifa ilipoundwa mwaka 1919 walijikuta wageni katika malisho ya mababu zao. Sehemu yake walirudishiwa mwaka 1975. Kijiji kile hakina barabara, na barua hadi leo huteremshwa kwa nyumbu. "Mbona hukutupeleka huko?" kijana akauliza. Baba yake alikiri kwamba pale ukingoni hakuwa amewafikiria.

Upande wa magharibi tulikodi gari la magurudumu manne yanayovuta yote, kwa ushauri wa kila mtu mjini. Noah inafika Mlali bila shida. Baada ya hapo barabara inaanza kujikunja juu ya bonde la Mto Mgeta, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine hewa tupu, na lori la kabichi likija mbele yako lazima mmoja arudi nyuma hadi penye nafasi. Hapa ndipo wana wa Arizona waliponyamazishwa. Bonde ni la kutisha kwa kina, hewa ni baridi, na nyuma ya kila pembe kuna maji yanayoanguka. Hululu ndiyo maporomoko yanayojulikana zaidi, ingawa kwangu mimi yale madogo yasiyo na jina yanapendeza kuliko hayo.

Na kila mahali kuna ngazi. Kuanzia mtoni hadi karibu na msitu mteremko umekatwa vipande vyembamba, vingine upana wake hauzidi kitanda, vimejaa karoti, njegere, viazi na kabichi, na mifereji midogo inaleta maji kutoka chemchemi za juu. Kile kilichomwaga damu Matombo, Mgeta kimeshika. Shemeji, ambaye ni mhandisi, alitaka kujua kwa nini, na jibu nililowahi kupewa na mtu wa SUA, chuo kile chenye jina la Sokoine, ni rahisi: hapa kuna mboga, kuna mfereji, na kuna soko. Ngazi inalipa pale inapomwagiliwa na kuwekwa samadi, na inapozaa kitu ambacho Dar es Salaam itakinunua wiki ijayo. Samadi nyingine inatoka kwa mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa huku miaka ya 1980 kwa ushirikiano na chuo, na ambao wameupenda ubaridi wa Mgeta kuliko wageni wengine wote.

Siku ya soko Nyandira usitegemee kupaki. Tulinunua njegere, viazi na matunda damu kwa bei ambayo mke wangu aliiita aibu, kisha akaipunguza tena. Kijana alikuwa ameteremka kwenye matuta na mzee mwenye jembe, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alitueleza jinsi mfereji unavyogawanywa kwa zamu. Baba yake naye alirudi na habari zake: kuna mtu anauza robo eka, mahali pazuri, karibu na mfereji.

"Unanunua ili iweje?" mke wangu akauliza.

"Niwape watoto."

Mke wangu hakumjibu. Tulikuwa tumeanza kuteremka, wingu limeshakaa juu ya uwanda wa mlimani wa Lukwangule, na dereva alikuwa akikanyaga breki badala ya kushusha gia. Harufu ilianza kuingia ndani. "Mwambie aweke namba moja," aliniambia, "halafu huyo mwenye robo eka mpigie, muulize kama wajomba zake wanajua kwamba anauza."